Zao la Vekta na Kabichi za Sista Notburga

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana inauma.

Baada ya paredi, Sista Notburga, mkuu wetu wa shule, alituita ofisini. Mimi na yule mwalimu mpya wa Fizikia, Mwanahawa, binti wa Tunduru. Hajamaliza hata mwaka hapa. Sista akasema kidato cha sita hakiwezi kuwa na walimu wawili wa mekanika wanaovutana. Nilitaka kusema kwamba anayevuta ni mmoja. Nikakumbuka ni mimi.

Uamuzi wake: Jumatatu ijayo kila mmoja wetu atafundisha mbele yake. Mada ni milinganyo ya mwendo wenye mchapuko usiobadilika, yaani kitu kinachoongeza kasi kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kama jiwe linavyoanguka. Kisha tutashuka bustanini tuonyeshe kwa vitendo, kwa bomba la maji. Atakayefanya vizuri anachukua kidato cha sita. Mwingine anakwenda kidato cha kwanza na kuongezewa Jiografia.

Jiografia! Mimi, Hironimus Mbawala, niliyefundisha mekanika hapa tangu maktaba haijapigwa rangi! Nusu ya mainjinia waliotoka shule hii ya Ruhuwiko wamepita mikononi mwangu. Nusu nyingine wangepita kama wangechagua sayansi.

Kuhusu bustani. Sista anazipenda kabichi zake kuliko anavyotupenda walimu, wala silaumu, kabichi hazichelewi kazini. Bustani iko mteremkoni, chini ya mnara wa tenki. Bomba limefungwa juu kwenye mnara, maji yanaruka, yanapinda, yanashukia matuta. Lakini tuta la mwisho hayalifikii. Kabichi za pale zimekonda, zinatia huruma. Wasichana huzibebea ndoo kila asubuhi. Sista anasema Fizikia ikiwa ya kweli, maji yatafika.

Nimemweleza mke wangu Kunegunda msiba huu. Akaniuliza, "Baba Careen, kwani watoto wa kidato cha kwanza si watoto wa watu?" Hakunielewa. Nikala ugali wangu.

Nilipotoka ofisini Mwanahawa aliniamkia shikamoo tena, ingawa alishaniamkia asubuhi. Akainama kabisa. Heshima kubwa namna ile lazima ina kitu ndani yake. Nitaichunguza.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechunguza.

Nilipita nyuma ya madarasa kama mtu anayekagua mifereji, nikasimama kwenye dirisha la kidato cha sita. Nia yangu ilikuwa kupata kasoro. Kasoro moja tu ingenitosha kwenda nayo kwa Sista.

Sikupata. Na nikapata kitu kingine ambacho sikukitaka. Nimefurahi. Nimefurahi mpaka sasa, na naandika hapa kwa sababu nisingependa mtu ajue.

Mimi hufundisha mada hii kwa mwendo wa mstari mnyoofu. Mfano wangu ni bodaboda inayoshika breki kabla ya tuta, barabara ya Namtumbo. Miaka yote bodaboda ileile, tuta lilelile. Mwanahawa hakugusa bodaboda. Alichora jiwe lililorushwa hewani, na njia yake iliyopinda. Akasema kasi ya mwanzo ina upande inakoelekea, na kasi ya mwisho ina wake, kwa hiyo tuzichore kama mishale. Kasi ya mwisho ukitoa ya mwanzo unapata mchapuko mara muda. Ukizijumlisha, ukagawa kwa mbili, ukazidisha kwa muda, unapata umbali kutoka jiwe lilipotoka mpaka lilipotua. Basi. Mambo ya kawaida. Nikapiga mwayo.

Halafu akazidisha. Si kuzidisha kwa sokoni. Ni zao la vekta: mshale kwa mshale, na jibu ni mshale wa tatu unaosimama wima juu ya yote miwili, kama msumari juu ya meza. Alizidisha mchapuko kwa umbali. Muda wa chini ukafutana na muda wa juu. Mshale ukizidishwa kwa wenyewe jibu ni sifuri, kwa hiyo vipande viwili vikafa palepale. Viwili vilivyobaki vikaungana, vikawa mara mbili, na ile mbili ikala ile nusu. Ubaoni pakabaki hivi:

a × r = v × u

Mchapuko kwa umbali ni sawa na kasi ya mwisho kwa kasi ya mwanzo. Mistari mitatu tu! Hakuna muda. Hakuna nusu. Hakuna kipeo cha pili. Herufi nne zimekaa zinatazamana kama wakwe wanaoheshimiana.

Nikapiga makofi.

Sikukusudia. Mikono ilijipigia. Darasa zima likageukia dirishani. Nikasema nilikuwa naua mbu. Mwanahawa akasema ni kweli mwalimu, mbu wamezidi upande huo, pole. Kuna msichana wa dawati la mbele, Dorine, asiyeacha kitu kipite. Akauliza kwa adabu sana kama mbu wale walikuwa wengi, maana niliwapiga kwa muda mrefu.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango umeiva. Kwa bodaboda simshindi. Itabidi nimshinde kwa kitu chake mwenyewe. Nitafundisha mlinganyo wake mbele ya Sista kabla yeye hajafundisha. Akija baada yangu ataonekana ameniiga. Safi.

Kikwazo: niliona kwamba mlinganyo ni mzuri, sikuona unahusiana vipi na bomba. Uzuri peke yake haumwagilii kabichi.

Kwa hiyo saa ya chai nikamfuata ofisi ya walimu. Nikamwambia nina mpwa wangu Namtumbo, yuko kidato cha sita, ananisumbua kwa simu kila siku kuhusu zao la vekta, na mimi nimebanwa na kazi. Sina mpwa Namtumbo. Nilitegemea atasita, anipime kwa macho, aseme hana nafasi. Mshindani yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Nilikuwa nimejiandaa na hoja za kumlainisha.

Hakuna hoja iliyotumika. Akavuta kiti, akafungua kopo la korosho za kwao, akalisogeza upande wangu, akanieleza yote. Kwa upole. Kila nilipokunja uso alirudi nyuma, akasema huenda hapo mpwa naye atakwama.

Ni hivi. Mvutano wa dunia unashuka wima. Kwa hiyo upande wa kwanza wa mlinganyo haujali maji yameshuka kiasi gani, unajali tu yamekwenda mbele kiasi gani. Upande wa pili una kasi mbili. Kasi ya kutoka bombani ni ileile, tenki halibadiliki. Kasi ya kutua nayo ni ileile, maana mnara haukui. Kinachobaki kubadilika ni pembe kati ya mishale hiyo miwili. Na zao la vekta huwa kubwa kuliko yote pale mishale inapokutana kwa pembe mraba. Basi maji yatakwenda mbali zaidi pale ambapo mwelekeo wa kutoka na mwelekeo wa kutua vinafanya kona ya mraba. Kona ya chumba. Kona ya kitabu.

Si nyuzi arobaini na tano! Nimehubiri arobaini na tano maisha yangu yote, kwa sauti, huku nikigonga meza. Mwanahawa anasema hiyo ni kweli kwenye uwanja tambarare tu. Ukirusha kutoka juu kwenda chini, bomba linainamishwa. Kadiri mnara unavyokuwa mrefu, ndivyo linavyoinama zaidi.

Nilikaa na korosho mdomoni bila kuitafuna. Ni kitu kizuri mno. Mtu anaweza kuishi Songea mpaka anastaafu, anaangalia maji yakiruka kila siku, na asijue kwamba kuna kona ya mraba imejificha humo.

Kisha akauliza jina la mpwa. Nikasema Yohanes. Akauliza yuko shule gani. Nikakohoa. Akaomba namba yake amsaidie moja kwa moja. Nikasema simu yake ilitumbukia mtoni. Akauliza sasa ananisumbuaje kwa simu. Nikasema hapo ndipo usumbufu wenyewe ulipo.

Akacheka, akanifungia korosho kwenye karatasi nimpelekee Kunegunda. Sijui anatafuta nini kwangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Lazima nianze mimi Jumatatu. Bila hivyo mpango hauna miguu.

Nimekwenda kwa Sista na sababu zangu: umri, utumishi, kifua changu kinachokamata baridi mchana upepo ukigeuka. Nilianza na kifua. Nikakohoa kidogo kwa mfano. Sista akanikatiza. Akasema Mwalimu Mwanahawa alishapita asubuhi kuomba mzee aanze, kwa kuwa haifai yeye kumtangulia.

Nikatoka na kikohozi changu. Huyu binti ananiharibia kila njama kwa kunipa kile ninachotaka kuiba.

Kunegunda amekula korosho zote. Anasema mtu anayetoa korosho nzima zisizovunjika, bila kuombwa, hana hila. Nikamwambia hajui mambo ya ofisi ya walimu. Akasema anajua mambo ya mume wake, na ni yale yale.

Jumamosi, 13 Septemba

Bustanini tangu asubuhi. Nilibeba protrekta ya mbao ya ubaoni, ya kupimia pembe, na setskwea yake yenye kona ya mraba. Iddi, mtunza bustani, aliuliza nakwenda kufundisha nani siku ya Jumamosi. Nikasema nakagua kutu kwenye bomba.

Nikapanda mnarani. Kwanza nikaliacha bomba kwenye nyuzi zake arobaini na tano, kwa ajili ya kumbukumbu za zamani. Maji yakapanda kwa mbwembwe, yakatamba hewani, yakaanguka. Mstari mzima wa kabichi kabla ya tuta la mwisho. Ndivyo lilivyokuwa siku zote, nami ndiye niliyemwelekeza fundi alifunge hivyo. Hilo Sista halijui, wala halimsaidii kulijua.

Kisha nikainamisha. Kidogo. Kidogo tena. Nilipofika karibu nyuzi ishirini Iddi akapiga kelele kutoka chini. Maji yalikuwa yanapiga tuta la mwisho, katikati kabisa. Nikainamisha zaidi, yakarudi nyuma. Nikapandisha, yakarudi nyuma vilevile. Pale pale tu. Hapakuwa na ubishi.

Nikashuka na setskwea, nikamwambia Iddi ashike kamba kufuata mwelekeo wa bomba, mimi nikaingia kwenye maji kupima yanavyotua. Nililowa mpaka soksi. Ukingo mmoja wa setskwea ukafuata kamba, mwingine ukafuata maji. Kona ya mraba! Haikupungua, haikuzidi, isipokuwa pale Iddi alipopiga chafya.

Nilisimama pale nimelowa, na nilisahau kidato cha sita, nikasahau na Jiografia. Maji hayajasoma. Hayajui herufi hata moja. Lakini yalikuwa yanafuata mistari mitatu ya Mwanahawa, kila tone, bila kukosea. Nikaona fahari kwamba na mimi ni mwalimu wa somo hili. Nikaona fahari kwamba kuna mtu shuleni kwetu anayeliona hivi.

Halafu akili ikanirudia. Nikamwelekeza Iddi: Jumatatu nikimaliza zamu yangu, apande upesi alirudishe bomba kwenye arobaini na tano kabla ya zamu ya madam. Nikafunga waya mahali pa kulisimamisha. Iddi akauliza kwani maji ya madam hayataishia njiani. Nikasema ni kwa ajili ya ulinganisho. Neno hilo lilimridhisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika nikiwa nimetulia. Kunegunda anasema sijatulia, nimejikunja.

Darasani kulianza vizuri mno. Sista alikaa nyuma, Mwanahawa kando yake. Nilivaa tai. Nikachora bomba na maji yaliyopinda, nikaandika mistari mitatu kwa mwandiko wangu bora. Nikasema hii ni njia ambayo nimekuwa nikiitafakari kwa muda mrefu. Tangu Jumanne ni muda mrefu ukiwa na wasiwasi. Wasichana wakatazamana, lakini wamelelewa vizuri.

Ilibaki kuonyesha mshale wa jibu unaelekea wapi. Kwa hilo kuna kanuni ya mkono wa kulia, kila mtu anaijua. Vidole vifuate mshale wa kwanza, uvikunje kuelekea wa pili, dole gumba litakuonyesha. Upande wa mchapuko na umbali niliukariri kutoka kwa Mwanahawa: mshale unatoka ubaoni unakuja kwa wanafunzi. Upande wa kasi mbili nikaamua kuonyesha mwenyewe, kwa madoido. Nilikuwa nimeshika chaki, na mwalimu wa kweli haweki chaki chini katikati ya kipindi. Kwa hiyo nikatumia mkono uliokuwa wazi.

Dole gumba likachoma ubao.

Upande mmoja unatoka, upande mwingine unaingia, na katikati kuna alama ya sawasawa. Nikatazama dole gumba. Likanitazama.

Dorine akanyoosha mkono. Akauliza, samahani mwalimu, je, hiyo haina maana kwamba umbali uko kinyume, na maji yanaangukia nyuma ya bomba, kule liliko jiko la masista? Nikasema kinadharia, ndiyo. Sista akauliza, jikoni kwangu? Nikasema kinadharia tu, Sista, kwa vitendo hayafiki.

Kule nyuma Mwanahawa alikuwa anafanya vituko. Aliweka kalamu yake mezani, akainua mkono wa kulia, akaugeuza, akaiweka kalamu tena mkononi, akaiweka chini tena. Nikaona anataka kunivuruga. Nikamwambia zamu yake itafika. Akashusha mkono, akaziba mdomo.

Jasho. Nikaweka chaki chini nipate leso. Nikajaribu tena kwa mkono wa kulia uliokuwa sasa wazi: dole gumba likaelekea kwa wanafunzi. Nikajaribu wa kushoto: ubaoni. Wa kulia: wanafunzi. Mikono miwili, mtu mmoja, mama mmoja, na haikubaliani! Darasa lote lilikuwa limeinua mikono likijaribu, hata Sista.

Nikatangaza kwamba mlinganyo huu una majibu mawili, na kwenye mtihani yote yanapewa alama.

Tukashuka bustanini. Hapo nilijikomboa. Bomba nililitega mwenyewe asubuhi, nyuzi ishirini. Nikafungua koki. Maji yakatoka, yakapinda taratibu, yakalifikia tuta la mwisho. Sista Notburga akasimama. Akaenda mpaka tutani, akainama, akaishika kabichi iliyolowa kama anayempima mtoto homa. Wasichana wakapiga vigelegele, maana ndoo zimekwisha. Niliona kidato cha sita kinanirudia.

Ndipo Iddi akaanza kupanda mnarani. Mtiifu wa watu! Sista akamwuliza anakwenda wapi. Akasema anarudisha bomba juu. Sista akasema atakayegusa bomba hilo ataonana naye. Iddi akajitetea kutoka juu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba ni maagizo ya Mwalimu Hironimus ya Jumamosi, alirudishe juu ili maji ya madam yaishie njiani, na kwamba ni kwa ajili ya ulinganisho.

Maji tu ndiyo yalikuwa yanaongea.

Nilitazama viatu vyangu. Niliisikia Jiografia ikija.

Mwanahawa akasema ni wazo zuri. Nilidhani anakejeli, nikamtazama, hakuwa anakejeli. Akasema jaribio bila ulinganisho halithibitishi kitu, na anashukuru mwalimu amelifikiria. Akamwomba Iddi ainue bomba mpaka arobaini na tano. Maji yakaishia njiani, kama yanavyofanya siku zote. Akauliza wasichana kwa nini. Akashuka mwenyewe na setskwea, na kamba, na baibui lake likalowa hadi magotini, akawaonyesha kona isiyo ya mraba. Kisha akamwambia Iddi ainamishe polepole, na kila msichana anyooshe mikono yake miwili, mmoja ufuate maji yanavyotoka, mwingine yanavyotua, waangalie kona ikibadilika. Maji yakasogea mbele hatua kwa hatua. Yalipofika tuta la mwisho mikono yote ya kidato cha sita ilikuwa mraba. Sista naye. Iddi naye, akakaribia kuanguka mnarani.

Hakuandika kitu. Hakutaja jina la mtu. Hila yangu aliichukua mbele ya macho yangu akaifanya somo, na lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, pamoja na yangu.

Wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi. Safari hii sikusingizia mbu.

Jumanne, 16 Septemba

Sista ametoa uamuzi. Mimi kidato cha kwanza, na Jiografia kuanzia wiki ijayo. Akaongeza kwamba ulinganisho wangu ataukumbuka kwenye sala zake. Nilisema asante Sista.

Mwanahawa akaomba kusema. Nilijua ni haki yake, nikajikaza. Akasema darasa lile ni kubwa kwa mtu mmoja. Akasema bomba halikutegwa na yeye, lilitegwa na Mwalimu Hironimus, na lilifika. Akasema amefundisha kwa muda mfupi, lakini bado hajaona mwalimu mwingine anayepigia makofi uthibitisho wa hesabu akiwa nje ya dirisha, na kwamba mtu wa namna hiyo akipelekwa Jiografia shule itapata hasara. Akaomba tugawane. Yeye nadharia, mimi vitendo.

Sista akamtazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, muda mfupi. Akakubali.

Macho yangu yalijaa maji. Nikasema ni upepo. Ofisi ya Sista madirisha yamefungwa.

Nje nikamshukuru. Nilitaka kumwomba radhi, ila maneno yalikuwa mengi na kengele ikalia. Yeye ndiye aliyeniambia taratibu kuhusu chaki. Kwamba mtu akishika chaki mkono wa kulia, hujisahau akatumia wa kushoto kwa kanuni ya mkono wa kulia, na jibu lote linageuka. Akasema chuoni alifanya hivyo hivyo kwa kalamu, mtihani mzima, na akalia. Kumbe! Basi kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la chaki. Nimefarijika sana.

Kunegunda alipika wali leo. Nikamweleza yote, hata la Iddi. Akasema huyo binti ni wa kuombewa maisha marefu. Nikasema kwa mara ya kwanza wiki hii tumekubaliana.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeipitia ratiba mpya. Nadharia ina vipindi vya asubuhi, watoto wakiwa na akili safi. Vitendo vimewekwa Ijumaa mwishoni, wakati tumbo linamwita kila mtu. Tumegawana nusu kwa nusu, lakini nusu yangu ni ndogo kuliko nusu yake.

Simlaumu. Namheshimu kuliko mwalimu yeyote Ruvuma hii. Ndiyo maana nimemwonea huruma. Anafundisha mno. Jana alionekana amechoka, alikunywa chai akiwa amesimama.

Kwa bahati nzuri imekuja barua ya semina ya walimu wa sayansi, Dodoma. Semina ndefu. Sista anatafuta jina la kupeleka. Nimekwenda mwenyewe, bila kuitwa, nikalitaja la Mwanahawa. Nilimsifu mpaka Sista akaweka kalamu chini akanisikiliza. Nilisema kuna vipaji ambavyo Songea haina haki ya kuvificha. Kila neno lilikuwa la kweli. Sista akasema amefurahi kuona nimebadilika, na darasa lote atanikabidhi mimi mpaka binti arudi. Akirudi, nani atataka kuvuruga ratiba katikati ya muhula?

Imebaki shida moja ndogo. Mada inayofuata ni mwendo wa kuzunguka, na nimeifungua leo: ni mazao ya vekta mwanzo hadi mwisho, ukurasa kwa ukurasa. Siielewi hata kidogo. Kesho asubuhi, kabla Sista hajamwambia kwamba anasafiri, nitamwomba Mwanahawa anieleze yote. Hatakataa. Sijawahi kuona mwalimu mwenye moyo kama wake.